Fraizi, Mashanza na Hotuba Ndefu

Siku mliyoniaga nilisema sana, najua. Masere Directrice, mtawa anayeongoza nyumba, alitazama saa yake mara mbili, kisha akaigeuzia upande wa ndani wa mkono ili isimjaribu tena. Papa Bienvenu wa bustani alilala kabisa, kofia magotini. Baada ya wiki moja Nathalie, ambaye sasa ndiye mkubwa wa jiko, alinifuata hapa nyumbani kwangu Cimpunda na daftari jipya, akaniomba niandike yale niliyosema, kwa sababu si wote waliweza kufuata. Alilisema hilo kwa adabu. Nathalie ni mtu wa adabu.

Basi naandika, na safari hii nitafuata mpangilio. Sitawaambia nilipandishwa lini wala nililipwaje, hayo masere wanayo kwenye makaratasi yao. Nitawaambia habari ya fraizi, yale matunda mekundu ya milimani, ya mashanza, na ya Papa Cirhuza aliyenifundisha kazi. Mwishoni nitawaambia pia kwa nini nilisema sana.

Nilipofika kwenye nyumba ya wageni ya masere nilikuwa natoka kwetu Nyangezi, na nilijiona mpishi. Nilikuwa nimewapikia watu kumi na mmoja bukari ya unga wa muhogo, maharagwe na sombe ya majani yake tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyekufa. Papa Cirhuza, mkubwa wa jiko, alinisikiliza nikieleza hayo yote. Alikuwa mtu mfupi, aproni yake imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe. Nilipomaliza alinionyesha kisu, akanionyesha mahali kisu kinapolala, akasema kazi ya siku ya kwanza imekwisha. Nilicheka. Yeye hakucheka, na hadi jioni nilikuwa nimeambiwa mara tano kukirudisha kisu mahali pake.

Kitu kingine alichonionyesha ni fouet, ile ya nyaya za kupigia mayai na krema. Ilining'inia kwenye msumari wake peke yake, mbali na vijiko vingine, kama mtu mwenye cheo. Aliachiwa na mpishi aliyemtangulia, na mpini wake ulikuwa umevunjika zamani na kufungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Aliniambia hiyo siigusi. Nilingoja anieleze lini nitaigusa, lakini alikuwa ameshaenda kuangalia moto wa makala kwenye mbabula.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa kuosha fraizi. Kwetu tulilima maharagwe, na maharagwe unayaloweka. Basi nami nilizing'oa fraizi vikonyo vyote, nikazitia kwenye beseni la maji, nikaenda kumenya viazi nikiwa na amani. Niliporudi fraizi zilikuwa zimepauka na maji yamekuwa mekundu. Papa Cirhuza hakunifokea. Alichota yale maji kwenye glasi, akaweka kijiko pembeni, akanisogezea kiti. "Kunywa deseri yako, maman," akasema, na akasimama pale hadi nilipoimaliza.

Tangu siku hiyo sijasahau, na nanyi msisahau: fraizi unaiosha na kikonyo chake, haraka, halafu unaipangusa, na kikonyo unakitoa mwisho. Unaikata vipande, unainyunyizia sukari kidogo na maji ya tunda moja la marakuja, unaiacha itoe juisi yake yenyewe wakati unafanya mambo mengine. Na kabla ya yote hayo unaipokea vizuri. Wamama wanaozishusha kutoka milimani asubuhi wanapanga juu zile nzuri, na chini wanaweka za jana. Papa Cirhuza alikuwa anamwaga kikapu kizima kwenye sinia mbele ya mwenye kikapu, kisha wanatazamana. Wamama wale walimwita Polisi. Lakini fraizi nzuri za mji huu zote zilianzia mlangoni kwetu.

Kuna jambo moja zaidi mlijue juu yake, kwa kuwa habari yote inalitegemea. Papa Cirhuza hakutabasamu kwa chakula kizuri. Akionja kitu kizuri alikunja uso, akawa na huzuni, wakati mwingine alitoka nje akasimama akitazama ukuta. Alitabasamu kwa chakula kibaya tu. Mchuzi ukiungua alitabasamu. Wali ukiwa mbichi katikati, meno yote yalionekana. Wageni waliompita wakamwona hivyo walisema huyu mpishi ana moyo mwema, na sisi wa jikoni tulitafuta pa kujificha.

Deseri yetu ya sikukuu ilikuwa moja: fraizi ndani ya glasi, juu yake krema ya kopo iliyopigwa, juu kabisa biskuti iliyovunjwavunjwa. Wageni waliizungumzia hata ng'ambo ya ziwa. Halafu makopo yale yakaacha kufika mjini. Tulijaribu krema ya maziwa ya unga, ikatoka rangi na ladha ya chokaa ya ukutani. Glasi zilirudi jikoni fraizi zimeliwa na ile chokaa imebaki chini, imesukumwa pembeni kwa heshima.

Masere Consolata, aliyekuwa directrice wakati huo, alikuwa mvumilivu kwa kila kitu isipokuwa meza. Siku moja aliingia jikoni na kitabu cha wageni akatusomea. Mgeni mmoja alikuwa amesifu kitanda, amesifu ziwa linavyoonekana dirishani, amesifu hata mbwa wa mlinzi. Juu ya chakula hakuandika kitu. Masere alikifunga kitabu polepole. Alisema jubilei ya nyumba inakaribia, na siku hiyo anataka deseri kama zamani. Ikishindikana, jiko litapewa traiteur mmoja wa mjini, mpishi wa kukodiwa kwa sherehe, ambaye alikuwa ameshakuja mara mbili kuonyesha picha za sahani zake, na Papa Cirhuza atakwenda kupumzika kwake Mumosho.

Alikuwa amebakiza miaka miwili. Nilimtazama siku hiyo akiipangusa fouet ambayo haikuwa chafu. Nilimwambia Mumosho ni kuzuri, ana migomba yake huko, ana wajukuu. Akanijibu bila kugeuka.

"Miye siogope kurudia nyumbani, Nabintu. Naogopa kurudia kabla ya siku yangu. Watu watauliza alifanya nini."

Hapo ndipo mimi, ambaye hata fouet sijaigusa, nilifungua mdomo nikasema mashanza. Kwa wale kati yenu mliokulia mbali na Bushi, nchi yetu Bashi: mashanza ni maziwa yaliyoachwa yagande, yakachujwa maji yake katika kitambaa hadi yakabaki mazito, meupe, laini. Mama yangu alikuwa anayatengeneza Nyangezi, na watu walitoka mbali kuyafuata. Lakini ni chakula cha heshima. Unampa mkwe, unampa padri, na unayala na bukari, yakiwa na chumvi. Papa Cirhuza alikuwa Mushi hadi kwenye kucha za miguu. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tumpige Masere kwa fouet.

"Weye unataka tutie sukari mu mashanza," akasema. "Na kahawa je, tutatia chumvi?"

Siku tatu alinipa kazi ya kumenya viazi tu. Siku ya nne aliuliza, akitazama sufuria, kama mama yangu anaweza kutuma yasiyo na chumvi.

Tulijaribu wiki mbili. Mara ya kwanza yalikuwa na mabonge. Mara ya pili yalitoa maji, yakaoga fraizi zote. Mara ya tatu tuliyatundika katika kitambaa tangu jioni hadi asubuhi, mpaka kijiko kikasimama chenyewe ndani yake. Papa Cirhuza aliliweka beseni ndani ya maji baridi, akatia asali kidogo, akatia utando mzito wa juu wa maziwa ya asubuhi, kijiko baada ya kijiko, na akapiga. Alipiga hadi krema ikashikamana na fouet na kukataa kuanguka. Akaonja. Uso ukamkunjamana, macho yakawa kama ya mtu aliyefiwa. Akatoka nje, akasimama akitazama ukuta. Nikajua tumepata.

Sasa jubilei yenyewe. Masere Consolata alitupa amri mbili. Ya kwanza, wazee watakaokuja wapewe mashanza ya kwetu, ya chumvi, pamoja na bukari yao. Ya pili, kwa hali yoyote ile, mtu asimpe neno Muzee Inspekta. Huyu alikuwa inspekta wa shule mstaafu, mgeni wa heshima wa siku hiyo, aliyewafundisha nusu ya watu wakubwa wa mji na kuwapiga nusu nyingine. Alikuwa mtu mwema. Ila akipewa neno, halirudi. Kwenye ubatizo mmoja alisema hadi mtoto aliyebatizwa akanyonyeshwa mara tatu.

Asubuhi ile nilikuwa na mabeseni mawili ya mashanza kwenye frigo, yote meupe, yote ya mama yangu. Moja lilikuwa la chumvi, lingine halina, na la pili hilo nililionja nikathibitisha. Saa nne umeme ukaenda. Niliyatoa yote mawili, nikayaweka sakafuni kwenye maji baridi, nikayafunika kwa vitambaa viwili vilivyofanana, kwa sababu napenda vitu vipendeze. Saa sita Papa Cirhuza akaniomba mashanza ya krema. Nikainama, nikamletea beseni. Nilikuwa na uhakika mkubwa. Ningelisema kosa lilikuwa la umeme, lakini umeme haukufunika beseni lolote.

Wale wazee ambao bukari yao ilikuja na mashanza yasiyo na chumvi walifikiri ni mtindo wa masere, wakaomba chumvi ya mezani, wakaendelea. Hakuna aliyenijulisha. Papa Cirhuza naye alipiga krema yake bila kuonja, kwa sababu wiki nzima iliyopita ilitoka vizuri na kwa sababu alikuwa na haraka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Mnajua desturi yetu. Anayempa mtu chakula au kinywaji anakionja kwanza mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, na sote tunajua ni kwa nini. Habari ya sumu katika mji huu inatembea haraka kuliko pikipiki. Kwa hiyo Papa Cirhuza alivaa aproni mpya, akachukua sinia dogo lenye glasi mbili, moja ya Muzee Inspekta na moja ya kuonjea, akaingia ukumbini akitembea taratibu. Mimi nilisimama nyuma yake mlangoni na sinia kubwa, glasi zote nyingine zimepangwa, nyekundu chini, nyeupe juu, nzuri kweli kweli. Masere Consolata alinikonyeza kwa furaha.

Akaweka glasi moja mbele ya Muzee Inspekta. Akainua ya pili, akachota kijiko kilichojaa, akakitia mdomoni. Ukumbi mzima unamtazama.

Papa Cirhuza akatabasamu.

Watu wakapiga makofi. Kwangu glasi zikaanza kugongana kwenye sinia. Lilikuwa tabasamu kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, kubwa kuliko la wali mbichi, meno hadi ya nyuma. Nikaelewa mara moja nimempa beseni gani. Na nikaelewa pia kwamba hawezi kukitema. Mpishi akitema mbele ya wageni, au hata akikunja uso, kesho mji mzima utasema nyumba ya masere inatoa sumu, na hapo hata yule traiteur na picha zake hataokoa kitu. Angeweza kuiweka glasi chini, lakini kuonja kidogo na kuacha nako kunaulizwa. Basi alikula. Kijiko baada ya kijiko, bila haraka, akitabasamu, hadi chini ya glasi. Akafuta midomo. Nilimwona akimeza mara mbili bila kitu mdomoni.

Halafu akageukia ukumbi, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Ba masere, ba papa na ba maman. Hii deseri hatuikulake bila neno. Tuombe Muzee Inspekta atupatie neno kwanza, kiisha tutakula sisi wote."

Masere Consolata akafumba macho. Muzee Inspekta akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema atasema kwa ufupi. Nikamshukuru Mungu, kwa sababu wanaoanza hivyo ndio wenyewe.

Tulirudi jikoni na sinia kubwa. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Papa Cirhuza alikunywa maji, glasi tatu mfululizo, kisha akaniambia nimetia chumvi ya kuenea ng'ombe muzima. Nikaanza kulia, na machozi yalikuwa yanadondokea kwenye glasi za wageni. Ndipo aliponiambia lile neno ambalo mmenisikia nikilisema mara nyingi bila kujua limetoka wapi.

"Usililie mu krema, Nabintu. Machozi nayo iko na chumvi."

Aliondoa krema ya glasi zote yeye mwenyewe, kwa kijiko, bila kuigusa fraizi hata moja. Katika beseni la pili wazee walikuwa wamebakiza zaidi ya nusu. Akanisogezea beseni hilo na asali. Halafu akaenda kwenye msumari, akaitoa fouet, akaniwekea mkononi. Sikuthubutu kuishika vizuri. Akasema mikono yake ina kazi na ya kwangu inatetemeka, na kwamba mtetemo ndio tunaouhitaji. Nilipiga krema ile kwa nguvu zote nilizozileta kutoka Nyangezi. Kutoka ukumbini tulisikia Muzee Inspekta amefika kwenye baiskeli yake ya kwanza. Tulipofikia asali, alikuwa bado kwenye baiskeli. Tuliporudisha biskuti juu ya glasi ya mwisho, alikuwa anaieleza breki ya nyuma.

Tuliwagawia wageni glasi zao, ikabaki shida moja. Glasi ya Muzee Inspekta ilikuwa bado mbele yake, ya chumvi. Na kitu ulichokwisha kumwekea mgeni wa heshima huwezi kukiondoa kabla hajakionja, ni kumtukana. Papa Cirhuza alizunguka meza mara tatu na jagi la maji akitafuta nafasi ya kuimwagia kama kwa bahati mbaya. Kila alipokaribia, mzee alikuwa ameinua kijiko kuonyesha jambo fulani, karibu na glasi kabisa. Mwishowe alituombea wote baraka, akakaa, akachota, akala.

Nilimshika Papa Cirhuza mkono. Hatukuwahi kushikana mkono kabla ya hapo.

Muzee Inspekta alikula kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Akaweka kijiko chini, akatoa kitambaa, akafuta macho. Akauliza kwa sauti ndogo, safari hii bila kusimama: "Nani alifanya hii?"

Papa Cirhuza akasema ni yeye. Sitasahau hilo hadi nife. Hakusema ni Nabintu, hakusema ni umeme. Alisema ni yeye, akanyoosha aproni, akangoja.

Mzee akasema tangu bibi yake azikwe hajala mashanza yenye chumvi sawasawa. Akasema maisha yake yote amekaa kwenye meza za watu wakubwa akila deseri za sukari kwa adabu tu, na leo mara ya kwanza amepewa deseri ambayo ni chakula. Kisha akamwambia Masere Consolata, na ukumbi wote unasikia, kwamba mpishi huyu asiondoke nyumba hii hadi siku yake ifike. Wageni wengine waliokuwa wanakula krema tamu waliitikia kwa vichwa, wakatafuta hiyo chumvi kwa ndimi zao, hawakuiona, na hakuna aliyetaka kuonekana haijui.

Kesho yake Masere Consolata alikuja jikoni, akaona beseni la krema ya chumvi iliyobaki, akaionja kwa kidole. Alitutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Akasema ile tuliyomwekea Muzee Inspekta iandaliwe kila mwaka, glasi moja tu, na isichanganywe na nyingine. Krema iliyobaki tuliwapa wageni na viazi vya kukaanga, wakafikiri ni mayonezi, na kitabu cha wageni siku hiyo kilisifu chakula kabla ya kitanda. Habari ya traiteur haikutajwa tena.

Papa Cirhuza alifanya kazi miaka yake miwili hadi siku ya mwisho, saa ya mwisho. Jioni ile aliitundika aproni, akanionyesha kisu, akanionyesha mahali kisu kinapolala. Fouet aliiacha kwenye msumari na akatoka, na nilipoishika nikakuta amefunga mpini kwa mpira mpya. Nililia, lakini mbali na krema. Aliishi miaka mingi Mumosho, na nilikuwa namtembelea na fraizi, ambazo aliziosha mbele ya wajukuu wake, na vikonyo vyake.

Mengine mnayajua, mlikuwepo. Mnakumbuka mwaka ambao marakuja zilikosekana tukatumia machungwa, mnakumbuka padri mgeni aliyeomba achanganyiwe fraizi na bukari tukamchanganyia. Glasi ya Muzee Inspekta niliiandaa kila mwaka hadi alipofariki, naye alisema kila mwaka kwa ufupi. Baada yake niliendelea kuwatengea wazee beseni dogo la chumvi. Nathalie alipokuja alilikuta beseni hilo. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na kwa ukali ananishinda. Kwa miaka yote minane niliyokaa naye, sijamwona akichekea chakula hata siku moja. Kisa hiki sikumwambia. Niliona aibu, na baadaye niliona ni chetu wawili, mimi na marehemu.

Sasa siku ya kuniaga. Ukumbi ule ule. Nimekaa pale alipokaa Muzee Inspekta, nimevaa kitenge kipya, nimeapa sitalia. Hotuba sikuwa nimeandaa, hata neno moja. Niliwaambia mapema nitasema asante na kukaa.

Nathalie akaingia na sinia dogo, glasi mbili. Akaweka moja mbele yangu. Akainua ya pili kama tunavyofanya, akachota, akaonja mbele yenu wote.

Nathalie akatabasamu.

Mkapiga makofi. Mlisema, tazama, hata Nathalie leo amefurahi. Mimi nilitazama shingo yake, nikaona inameza mara mbili. Aliendelea kula hadi chini ya glasi, mwanangu huyo, peke yake mbele ya watu wote, na hakukuwa na mtu wa kumwambia afanye nini baadaye. Mlangoni nyuma yake, mikononi mwa msaidizi wake, glasi za sinia kubwa zilikuwa tayari zimeanza kugongana.

Basi nikasimama. Nikasema deseri hii hatuikulake bila neno, na kwamba nitasema kwa ufupi. Nilianza na Nyangezi. Nikaeleza kisu. Nikaeleza fraizi zilizolowekwa, makala, wamama wa milimani, nikaeleza hata baiskeli ya Muzee Inspekta, breki zote mbili. Kila nilipofikia mwisho nilitazama mlango wa jiko, nikasikia fouet bado inapiga, nikaanza jambo lingine. Ndiyo sababu mpangilio haukuwepo. Nilikaa nilipomwona Nathalie mlangoni, aproni imechafuka, anapumua kwa nguvu, na krema kwenye nywele.

Wote mlikula krema tamu. Niliona nyuso zenu.

Ya kwangu, Nathalie, ulizunguka meza mara nne na jagi la maji kuitafuta, nilikuhesabu. Sikukupa nafasi. Ilikuwa na chumvi ya kuenea ng'ombe muzima. Niliila yote hadi chini, na ulipokuja kuchukua glasi, nilikunja uso, nikatoka nje, nikasimama nikitazama ukuta.